Ng'ombe wa Mama Mkwe wa Mwenyekiti

Mke wangu ni mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Kigera, mjini Musoma. Mimi ni fundi wa friji, nina kibanda changu Iringo, na kwa miaka hii ya karibuni nimekuwa pia mume wa mwenyekiti, kazi ambayo hukuombea kura wala hukuapa lakini unaifanya tu. Kabla hajachaguliwa, nilikuwa nikirudi jioni navua viatu, nakaa kwenye kiti changu, naletewa chai. Siku hizi nikirudi nakuta kiti kina mtu. Leo kijana anataka barua ya utambulisho akafungue akaunti benki, kesho mama fulani analalamika kwamba maji ya bati la jirani yanamwagikia ukutani kwake. Ofisi ya mtaa ipo, chumba kimoja chenye meza na mabenchi mawili, na mtendaji aliyeajiriwa na manispaa anakaa pale asubuhi. Lakini watu wetu wanaona ofisi ni mahali pa kwenda ukiwa umekosa mtu nyumbani.

Nilizoea. Ila yaliyotokea baada ya mama yangu kuhamia kwetu sikuwa nimeyazoea, na ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Baba alifariki kijijini kwetu, upande wa Butiama, na baada ya msiba kuisha ndugu tulikaa tukakubaliana kwamba mama asibaki peke yake kwenye boma lile kubwa. Dada yangu aliyeolewa Bunda alitaka kumchukua. Mimi nikasema mimi ndiye mtoto wa kiume, nyumba yangu ina chumba, na Musoma kuna hospitali karibu. Mama alitusikiliza wote, kisha akauliza swali moja tu.

"Na huyu ng'ombe?"

Ng'ombe wengine walishagawanywa. Aliyebaki alikuwa jike mmoja wa kienyeji, mwekundu, mwenye baka jeupe shingoni. Baba alikuwa amempa mama ndama yule alipozaliwa, akasema huyu ni wako, usiniulize tena. Mama alikuwa amemkamua yeye na mama yake ng'ombe, na nadhani na bibi yake. Nikasema atakuja naye. Nilisema haraka, kabla ya kumpigia simu mke wangu.

Mke wangu aliposikia akasema kwenye simu, "Mlete mama. Ng'ombe naye aje, ila akae bandani. Wewe unajua sheria ndogo za manispaa, mifugo haizururi mjini. Mwambie mama kabla hamjaondoka huko."

Nilimwambia mama. Mama akaitikia, "Ndiyo, mwanangu," kama anavyoitikia mambo yote ambayo hajaamua kuyafuata.

Walifika na kirikuu, mama mbele pamoja na dereva, ng'ombe nyuma amefungwa kwa kamba, majirani wamesimama milangoni. Mke wangu alipiga goti akamsalimia mama, akampeleka ndani, akarudi kuhakikisha kamba ya bandani imefungwa vizuri. Banda nilikuwa nimelijenga mwenyewe kwa mabanzi na bati kuukuu, na nilijivunia. Mama alilizunguka, akaliangalia, akasema ni zuri, friji zingekaa vizuri humo.

Kwa muda mambo yalienda. Watoto walifurahia maziwa, mama alitengeneza mgando kama wa nyumbani, na mimi nilikuwa nakula ugali wa muhogo kwa mgando kama nilivyokuwa nakulaga nikiwa mdogo. Jioni nilikuwa napita kwenye njia ya ziwani nakata majani, nayafunga kwenye baiskeli, naleta. Mama aliyapokea, akayachambua kama mtu anayechagua mchele, akayatupa nusu.

Sikujua kwamba kila asubuhi, mke wangu akishaenda kwenye shughuli za mtaa na mimi nikishashuka Iringo, mama alikuwa anafungua kamba. Alimtoa ng'ombe, wakaenda polepole hadi kwenye kiwanja kisichojengwa nyuma ya nyumba zetu, penye mawe makubwa. Mama alikaa juu ya jiwe, ng'ombe akala. Kabla ya watoto kutoka shule walikuwa wamesharudi. Majirani walijua. Lakini nani ataenda kumshitaki mama mkwe wa mwenyekiti kwa mwenyekiti?

Aliyeenda alikuwa jirani yetu wa upande wa juu, mwalimu mstaafu, mama wa heshima zake, ambaye baada ya kustaafu alilima bustani ya mchicha na figiri pembeni ya nyumba yake, kupakana na kile kiwanja, akawa anauzia mtaa mzima. Hata sisi tulikuwa wateja wake. Alikuja jioni moja tukiwa tumekaa wote sebuleni, mama akiwa kwenye kochi anamenya njegere. Alisalimia, akakataa kukaa.

"Mama mwenyekiti," akasema, "leo sikuja kama jirani. Ng'ombe ameingia kwenye bustani yangu, amekula matuta yote ya mbele. Sina haja ya kusema ni ng'ombe wa nani."

Mama hakuinua macho. Aliendelea kumenya.

Mimi nikainuka. Nikasema, "Mwalimu, pole sana. Hili ni letu, tutalimaliza hapa hapa, kesho asubuhi nitakuja tuone hasara."

Mke wangu alinigusa mkono. Akamwambia mwalimu, "Pole, mwalimu. Malalamiko yako nimeyasikia. Njoo nayo ofisini keshokutwa asubuhi, siku ya usuluhishi. Na mhusika ataitwa."

Mwalimu alishangaa, nikaona. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akaaga.

Tulikula. Mama alipoingia chumbani kwake, mimi na mke wangu tulitoka nje, tukasimama karibu na banda.

"Utamwita mama yangu ofisini?" nikamuuliza.

"Siyo mimi. Ofisi itamwita."

"Ofisi ni nani kama siyo wewe? Mkwe anamwita mama mkwe wake mbele ya watu, kwetu Butiama jambo hilo ulishaliona wapi?"

"Sijaliona," akasema. Hakuwa na hasira. "Lakini yule kijana mwenye mbuzi nilimwita. Alikaa kwenye lile benchi mbele ya watu, nikamsomea sheria, akalima upya shamba la mwenzake. Alikuwa ananisihi tuongelee nyumbani kwangu, nikakataa. Leo mama nimsuluhishie jikoni? Kesho nitamwambia nani nini?"

"Mama ni mtu mzima."

"Najua ni mtu mzima. Na mimi ndiye ninayemkanda mguu ukivimba." Akaikaza kamba ya banda. "Unadhani napenda?"

Nilikuwa namuona mke wangu kama mtu anayenikosea heshima, na papo hapo nilikuwa najua kwamba angefanya vingine ningemuona mdogo. Vitu vyote viwili vilikuwa kifuani kwangu na sikuweza kuvitenganisha. Nilikwenda kulala nikiwa nimenuna.

Asubuhi mtendaji alikuja mwenyewe kuleta taarifa kwa mama. Ni kijana mpole, wa kutoka mkoa mwingine, na alionekana kama mtu aliyetumwa kumkamata askofu. Alimwamkia mama, akapiga goti ambalo kazi yake haikulidai, akasema, "Bibi, kuna kikao kidogo kesho ofisini, tunaomba ufike."

"Kuhusu ng'ombe," mama akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Nitakuja. Na ng'ombe aje?"

Kijana akafikiri kweli kweli. "Hapana, bibi. Wewe tu inatosha."

Siku ya kikao nilifunga kibanda changu Iringo. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani na kilemba cheupe, akakataa bodaboda niliyomwitia, akasema ofisi siyo mbali na miguu yake leo ni mizima. Tulitembea taratibu. Mke wangu alikuwa ametangulia.

Tulipoingia, mabenchi yalikuwa yamejaa. Mama alipewa nafasi, akakaa. Nilitegemea shauri letu litaanza ili mama asisubiri, lakini mtendaji alifuata jinsi watu walivyofika, na sisi tulikuwa nyuma ya wengine. Mke wangu alikuwa mezani. Nilikuwa sijawahi kumuona akifanya kazi pale, kwa sababu saa zile huwaga niko kwenye friji za watu. Mama naye hakuwa amewahi. Nadhani mpaka siku ile mama aliamini kwamba mkwe wake anapotoka asubuhi na mkoba wake anakwenda kutembea tu.

Kwanza waliingia ndugu wawili waliorithi nyumba moja, wakawa wanagombania mlango. Mmoja alitaka kuuziba, mwingine ndiyo njia yake ya kupita. Waliongea kwa pamoja, kwa sauti. Mke wangu aliwaacha waongee mpaka wakachoka, kisha akamuuliza mkubwa, "Mama yenu alipokuwa hai alikuwa anapitia mlango upi?" Wakanyamaza wote. Mdogo akasema, "Huo huo." Mama yangu, ambaye hakuulizwa chochote, akasema kutoka kwenye benchi, "Basi." Watu wakacheka. Yule mkubwa naye akacheka, akasema atafikiri. Mke wangu akamwambia afikiri mpaka wiki ijayo, na katika wiki hiyo matofali yasisogee.

Halafu akaja mwanamke ambaye mume wake alikuwa amefariki hospitalini usiku uliopita, anahitaji taratibu za mazishi. Mke wangu aliacha kila kitu, akatoka naye nje, wakasimama kivulini wakiongea, akapiga simu kwa mtendaji wa kata, akapiga na nyingine, kisha akamshika yule mwanamke mkono akamkabidhi kwa wajumbe wawili waende naye nyumbani. Alirudi akiwa amefuta macho. Mama alimwangalia tangu anatoka mpaka anarudi.

Zamu yetu ilipofika, mke wangu alisimama. Akasema, "Shauri hili linahusu nyumba yangu. Mimi sitalisikiliza." Akamwomba mjumbe mmoja wa kamati ya mtaa, mzee anayeshona viatu karibu na kanisa letu, akae kwenye kiti chake. Kisha mke wangu akazunguka meza, akaja kwenye benchi letu. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya mama. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Sogea." Nikasogea. Akakaa katikati, bega lake likigusa la mama.

Mzee wa viatu alikohoa, akasafisha miwani yake kwa shati. Mwalimu akaeleza. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi, kama alivyokuwa anafundishaga nadhani. Akasema siyo mchicha tu unaomuuma. Ni kwamba alimuona ng'ombe yule siku nyingi akipita, akanyamaza kwa sababu ya heshima, na heshima yake ikaliwa.

"Mama," mzee akasema, "haya umeyasikia. Ni kweli?"

"Ni kweli," mama akasema. "Ng'ombe ni wangu na amekula."

"Kamba ilikatika?"

"Haikukatika. Nilikuwa nayo mkononi."

Mimi nilitazama sakafu.

"Sasa mama, ulimuona anaingia?"

"Nilimuona. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe. Nikasema ngoja ale kidogo nitamvuta. Halafu sikumvuta."

"Kwa nini?"

Mama alikuwa anatafuta maneno ya Kiswahili, na mengine aliyasema kwa lugha yetu, mke wangu akayatafsiri kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno, bila kuyapamba. Mama alisema tangu ng'ombe yule ashushwe kwenye gari hakuwa amekula kwa furaha hata siku moja. Anakula kwa kulazimika, kama mgonjwa. Siku ile alikuwa anakula kama alivyokuwa anakulaga kwao. Masikio yalikuwa yamesimama. "Nilikuwa namtazama," mama akasema, "nikasahau kwamba ni mboga za mtu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alifungua mkoba wake, akaufunga. Nilimuona mke wangu akiweka mkono juu ya mkono wa mama, na mama hakuuondoa.

Mzee wa viatu alizungumza na wajumbe wenzake pembeni, wakarudi. Akasema matuta yatapandwa upya na familia yetu, kwa mbegu zetu na mikono yetu, na ng'ombe asitoke bandani tena. Akitoka, shauri litakwenda kata na mgambo watamchukua. Akamuuliza mwalimu kama ameridhika.

"Nimeridhika," mwalimu akasema. Halafu akamgeukia mama. "Samadi yake unaitupaga wapi?"

"Imejaa nyuma ya banda."

"Hiyo niletee. Ila mwenyewe nisimuone."

"Hutamuona," mama akasema, na safari hii nilijua ameamua.

Jumamosi ile tulipanda upya, mimi, mke wangu na watoto, mwalimu akisimama pembeni akitusahihisha nafasi ya mistari. Mama alileta kiti akakaa karibu naye. Waliongea mpaka jua likawa kali. Mwalimu aliwahi kufundisha shule moja ya upande wa Butiama, wakakuta wana watu wanaowajua wote wawili, wengine wamekufa, wengine wamekuwa walevi.

Lakini ng'ombe alizidi kukonda. Mama alimfungia ndani kama alivyoahidi. Asubuhi niliwakuta wamesimama mlangoni pa banda, mama nje, ng'ombe ndani, wametazamana. Maziwa yalipungua mpaka yakawa ya kikombe cha mama tu. Afisa mifugo wa kata alikuja, akampima, akasema hana ugonjwa.

Jioni moja mama alimwita mke wangu, siyo mimi. Nilikuwa nachomelea bomba la friji uani, nikawasikia.

"Mkwe," mama akasema, "mpeleke Bunda kwa dada yenu. Kule kuna malisho."

"Na wewe mama? Utataka kumfuata?"

Mama akauliza, "Kuna taratibu gani za kumpitisha njiani?"

Mke wangu akaeleza kwamba mifugo ikitoka wilaya moja kwenda nyingine inahitaji kibali cha mifugo, na afisa mifugo naye anataka barua ya mtaa. Akaiandika pale pale mezani. Mama akamwambia asome kwa sauti, kwa kuwa miwani yake haikuwa karibu. Mke wangu akasoma kwamba ofisi ya mtaa inamtambulisha mama huyu, mkazi wa mtaa huu, kata ya Kigera, mmiliki halali wa ng'ombe jike mmoja.

"Hapo rudia," mama akasema. "Mimi ni mkazi wa wapi?"

"Wa mtaa huu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja. Nilikuandikisha wiki ileile."

Niliacha kuchomelea ili nisikie atasema nini, lakini aliomba tu barua aishike, akaishika, akairudisha.

Tulimsafirisha ng'ombe kwa kirikuu kilekile. Tulianza mapema, tukashika barabara ya Bunda, mama mbele, mimi nyuma nimeshika pembe. Kwa dada yangu, nje kidogo ya mji, kuna uwanda unaoteremka mpaka kwenye kijito. Tulipomshusha, ng'ombe alisimama, akanusa hewa, kisha akainamisha kichwa akaanza kula pale pale chini ya gari, kiasi kwamba dereva alishindwa kurudi nyuma. Mama aliingia ndani akaomba maji ya kunywa. Dada yangu alimwandalia kitanda, akamwambia abaki, hapa ndipo ng'ombe wake alipo. Mimi nilijiandaa kurudi peke yangu, maana dada alikuwa na haki.

Mama alibaki kwa muda. Tulikuwa tunampigia simu, na kila mara mazungumzo yalianza na ng'ombe: ameshiba, amepandwa, ana mimba. Nyumba yetu ilikuwa imepoa. Mke wangu alikuwa anaweka kikombe cha mama mezani kwa kusahau, halafu anakirudisha.

Kisha siku moja dada akapiga, akasema, "Mama anataka kuja huko. Anasema kliniki yake ni ya Musoma na hataki kubadilisha." Nikajua kliniki ni sababu tu, maana Bunda nako kuna hospitali. Alishuka stendi ana kapu la karanga na dumu la mgando. Nilimpokea, nikamuuliza ng'ombe yukoje.

"Ana watu wake," akasema. "Twende nyumbani."

Sasa mama anahudhuria mikutano ya mtaa. Anabeba kiti chake mwenyewe, cha plastiki, anakaa karibu na mwalimu. Katika mkutano wa kwanza baada ya kurudi alinyoosha mkono, akasimama, akauliza mtaro wa maji ya mvua unaopita karibu na kanisa utamalizika lini, maana umechimbwa mpaka kwenye jiwe kubwa ukaishia pale, na mvua ikinyesha maji yanaingia kwa watu. Mke wangu alimjibu kama anavyomjibu mtu yeyote: jiwe limeshindikana kwa nyundo, suala limepelekwa kata, wanasubiri mashine. Mama akashukuru, akakaa.

Mkutano uliofuata aliuliza tena. Mke wangu akajibu kwamba bado wanasubiri. Tulivyokuwa tunarudi nyumbani, watatu, mimi nimebeba kiti, mama alimwambia mkwe wake kwamba jibu lile halikumtosheleza, na mke wangu akasema hata yeye halikumtosha, kesho atakwenda kata mwenyewe. Mama akasema watakwenda wote.

Walikwenda. Walirudi mchana wamechoka, wameahidiwa mashine. Mama akaomba chai, akakaa kwenye kiti changu.